Ugumu Peke Yake Hauokoi Chuma

Pita kwenye maduka ya vifaa Gerezani, Dar es Salaam, au kwenye vibanda vya Kamukunji, Nairobi, uulizie biti ya drili ya milimita 6. Utawekewa mbili mezani. Moja ni ya kijivu au nyeusi, ya kawaida. Nyingine inang'aa manjano ya dhahabu, na bei yake iko juu. Muuzaji atakuhakikishia kwamba hii ya dhahabu ndiyo ya kazi ngumu, na mara nyingi mazungumzo huishia hapo. Fundi analipa, anakwenda zake, na kesho yake anaikandamiza ile biti kwenye bati la stenlesi kwa kasi yote ya drili ya mkononi. Inalia, inatoa moshi, ncha inageuka bluu, imekwisha. Analaumu bidhaa za siku hizi. Huenda biti ilikuwa bandia. Huenda pia ilikuwa halisi kabisa, ila hakuna aliyemweleza ile rangi inafanya kazi gani.

Fundi huyo anastahili kuelezwa. Pesa aliyoongeza pale dukani inalipia ujuzi wa miongo mingi wa watu waliohangaika na swali moja: chuma kinachosuguliwa kutwa kitalindwaje kisilike? Jibu walilolipata ni kukivika matabaka. Lakini ugumu wa tabaka la juu, ambao ndio muuzaji anausifia, ni sehemu tu ya jibu. Kinachookoa chuma ni namna matabaka yalivyoshikana, yalivyopangwa, na kilichoko chini yake.

Tuanze na ile manjano. Haina hata chembe ya dhahabu. Ni titaniamu iliyoungana na naitrojeni, gesi ileile inayojaza sehemu kubwa ya hewa tunayovuta. Muungano huo huitwa titaniamu naitraidi, na juu ya biti huwa na unene wa maikromita 2 hadi 4. Unywele wa binadamu una maikromita kati ya 50 na 100, kwa hiyo utando huo ni mwembamba kiasi kwamba kipimo cha kawaida cha karakana hakiwezi kuuona.

Ugumu wa vitu vya namna hii hupimwa kwa kukandamiza ncha ya almasi juu yake na kuangalia alama iliyobaki. Kipimo kinachotumika sana ni kile cha Vickers. Chuma laini cha nondo na geti kina ugumu wa takriban 150. Chuma cha biti nzuri, kile chenye herufi HSS zilizogongwa kwenye shina lake, kina kama 850. Titaniamu naitraidi inafika takriban 2300. Ukitazama namba hizo peke yake utadhani kazi imekwisha: paka kitu kigumu juu, basi. Hapo ndipo wengi wanapopotea.

Utando huo hauwekwi kwa brashi wala kwa kuchovya. Biti huoshwa kwanza, na kuosha kwenyewe ni kazi ya watu makini, kwa sababu mafuta yaliyoachwa na alama ya kidole kimoja yanatosha kuufanya utando ubanduke. Kisha hupangwa kwenye vishikizo vinavyozunguka ndani ya chumba cha chuma, hewa ikanyonywa mpaka ikabaki kiasi kidogo mno, mkandamizo ukishuka chini ya sehemu moja ya milioni ya ule tunaoishi ndani yake. Biti hupashwa moto hadi nyuzi 400 au 500 za Selsiasi. Baada ya hapo huingizwa gesi ya agoni, nayo ikishachajiwa umeme chembe zake hurushwa kwa nguvu juu ya biti, zikikwangua uchafu wa mwisho ambao maji na sabuni haviwezi kuufikia. Ndipo cheche za umeme huwashwa juu ya bamba la titaniamu lililofungwa ukutani. Titaniamu inageuka mvuke, naitrojeni inaingizwa, na viwili hivyo vinaungana juu ya biti, atomi kwa atomi, kwa saa kadhaa.

Joto hilo la nyuzi 400 hadi 500 halikuchaguliwa kwa bahati. Chuma cha HSS hupewa ugumu wake kwa kupashwa na kupozwa kwa hatua, na hatua ya mwisho hufanyika kwenye takriban nyuzi 550. Ukikipeleka mbali kupita hapo kinaanza kulainika. Njia za zamani za kuweka utando zilihitaji joto la takriban nyuzi 1000, zikawa hazifai kwa biti. Kuanzia mwaka 1980 hivi, njia hii ya ombwe ilipoingia sokoni, ndipo biti za dhahabu zilipoanza kuonekana madukani duniani.

Sasa turudi kwa fundi wetu na stenlesi yake. Biti ya milimita 6 ikitoboa stenlesi inapaswa kwenda taratibu, mizunguko 600 hivi kwa dakika. Drili nyingi za mkononi zikibanwa hadi mwisho zinakwenda 2500 au 3000. Kwa kasi hiyo ncha inawaka, chuma cha HSS kilicho chini ya utando kinalainika, na utando mgumu unabaki umekaa juu ya kitu kisichoweza tena kuubeba. Ni sakafu ya saruji iliyomwagwa juu ya tope. Saruji yenyewe haina kasoro. Ukiikanyaga kwa uzito inapasuka kwa sababu ardhi imekimbia chini yake. Utando ukishapasuka, vipande vyake vyenye ugumu wa 2300 vinageuka kuwa mchanga unaosaga ncha yenyewe.

Kwa hiyo biti ya dhahabu iliyotengenezwa kwa chuma duni ni hasara, hata kama dhahabu yake ni halisi. Na halisi yenyewe haipatikani kila duka. Chuma kikipashwa hadi nyuzi 220 au 240 hivi kinajipatia chenyewe rangi ya majani makavu inayokaribia dhahabu, na kuna biti zinazouzwa kwa rangi hiyo tu. Rangi hiyo ni kutu nyembamba sana ya joto, haina ugumu wowote wa maana. Nyingine hupakwa vanishi ya njano. Vanishi utaijua kwa kitambaa chenye thina: ikifutika, umeuziwa rangi. Rangi ya moto utaijua kwa kona ya tupa: ipitishe kwa wepesi shinani mwa sehemu iliyopakwa, rangi ya moto itakwanguka mara moja ionyeshe chuma cheupe, ilhali titaniamu naitraidi ni ngumu kuliko tupa na haitaonyesha kovu. Usikandamize, maana chuma cha chini kikibonyea hata utando wa kweli utavunjika.

Swali jingine ninalolisikia sana karakanani ni kama biti ya dhahabu ikinolewa inakuwa imekwisha. Hapana. Kunoa kunaondoa utando kwenye uso wa ncha, lakini ndani ya mifereji, pale vipande vya chuma vilivyokatwa vinapopandia, utando unabaki, na vipande hivyo vinaendelea kuteleza badala ya kugandia. Faida inapungua, haipotei yote. Anayeitupa biti nzuri kwa sababu ncha imepoteza manjano anatupa pesa.

Hadi hapo nimesema habari za utando mmoja. Utajiri wa jambo hili unaanza pale matabaka yanapokuwa mengi, na kwa hilo lazima twende Sweden, mwaka 1969. Mwaka huo kampuni ya Sandvik Coromant iliingiza sokoni vipande vya kukerezea vyuma vilivyovikwa tabaka la titaniamu kabaidi. Vipande vyenyewe, vile vidogo vinavyofungwa kwa skrubu kwenye mkono wa mashine ya kukereza, vilikuwa tayari vya tangsteni kabaidi iliyogandishwa kwa kobalti, kitu kilichobuniwa Ujerumani mwanzoni mwa miaka ya 1920 na chenye ugumu karibu mara mbili ya HSS. Kulikuwa na haja gani ya kukivika kitu kigumu hivyo?

Haja ilikuwa ya kikemia. Kipande kinapokereza chuma kwa kasi, mahali pa mkwaruzano panafika joto la nyuzi mia nyingi, na kwa joto hilo chuma kinachokatwa kinaanza kuiyeyusha ile kabaidi na kuinyonya kaboni yake. Mkerezaji akikitazama kipande kilichotumika anaona kijishimo nyuma kidogo ya makali, kama kimechotwa kwa kijiko. Hakuna mkwaruzo uliokichimba. Chuma kimekila kwa kukiyeyusha. Tabaka la titaniamu kabaidi lilisimama katikati kama mpaka, chuma upande mmoja na tangsteni upande wa pili, visionane. Huo ndio mwaka ambao karakana kubwa za dunia zilianza kukereza kwa kasi ambazo awali zingeunguza kipande kwa dakika chache.

Katikati ya miaka ya 1970 likaongezwa tabaka la alumini oksaidi, madini yaleyale ya yakuti bila rangi yake. Hili halijali joto na halipatani na chuma hata kidogo, ila lina tabu moja: halishiki vizuri juu ya kabaidi tupu. Lilihitaji tabaka jingine chini yake la kulishikilia. Hapo mpangilio ukaanza kuchukua sura ambayo mkerezaji wa leo anainunua bila kuijua. Chini kabisa tabaka jembamba la kugandisha. Juu yake tabaka nene la titaniamu, kaboni na naitrojeni, la kupambana na mkwaruzo. Kisha alumini oksaidi ya kuzuia joto na kemia. Na juu kabisa, mara nyingi, utando wa manjano wa titaniamu naitraidi, ambao kazi yake mojawapo ni ya jicho la binadamu: kona iliyotumika inapoteza manjano, na mkerezaji anapogeuza kipande anajua papo hapo kona ipi bado mpya. Yote hayo kwa pamoja mara nyingi hayafiki maikromita 20.

Angalia kilichotokea hapo. Kila tabaka lina udhaifu wake, na lile la jirani limewekwa kuuziba. Ufa unaoanzia juu unashuka mpaka kwenye mpaka wa tabaka la pili, unageuka pembeni, unapoteza nguvu. Kitu kimoja kigumu cha unene uleule kingepasuka moja kwa moja hadi chini.

Wapo walioliona jambo hili kwenye karatasi kabla halijawezekana mikononi. Mwaka 1970 mwanafizikia James Koehler wa Chuo Kikuu cha Illinois, Marekani, aliandika kwamba ukipanga matabaka membamba mno ya vitu viwili vyenye ukakamavu tofauti, kimoja juu ya kingine, utapata kitu chenye nguvu kuliko vyote viwili. Hoja yake ilitoka kwenye namna metali inavyobonyea. Metali haibonyei kwa atomi zote kuhama pamoja. Kuna kasoro ndogo katika mpangilio wa atomi, nazo ndizo zinazotembea ndani yake na kuliacha umbo likibadilika. Kasoro hiyo ikifika kwenye mpaka wa tabaka lenye ukakamavu mkubwa zaidi inasukumwa nyuma. Ikirudi inakutana na mpaka mwingine. Matabaka yakiwa membamba vya kutosha, haina pa kwenda wala nafasi ya kuzaa kasoro nyingine, na metali inakataa kubonyea.

Miaka 17 baadaye, 1987, Ulf Helmersson na wenzake wa Linköping, Sweden, pamoja na Illinois, walitoa matokeo yaliyowashangaza wengi. Walipanga titaniamu naitraidi na vanadiamu naitraidi kwa zamu, kila jozi ya matabaka ikiwa na unene wa nanomita 5 na ushei, yaani makumi machache tu ya atomi. Zikichanganywa tu bila kupangwa, ugumu ni 2000 na kitu. Zikipangwa hivyo, ugumu ulivuka 5000. Hakuna kilichoongezwa. Ni vitu vilevile viwili, vimepangwa tu. Binafsi naliona hili kuwa miongoni mwa mambo mazuri kabisa yaliyopata kugunduliwa kuhusu metali, kwa sababu linaonyesha kwa namba kwamba mpangilio wenyewe ni malighafi.

Na namna matabaka hayo yanavyotengenezwa kiwandani leo ni rahisi kuliko mtu anavyodhani. Ndani ya kile chumba cha ombwe, ukuta mmoja hufungwa bamba la metali moja na ukuta wa pili bamba la metali nyingine. Vishikizo vinazunguka katikati. Kila biti inapopita mbele ya ukuta wa kwanza inapokea nanomita chache za kitu hiki. Ikipita mbele ya ukuta wa pili inapokea nanomita chache za kile. Utando wa maikromita 3 unaoundwa kwa jozi za nanomita 6 una jozi 500 ndani yake. Kasi ya mzunguko ndiyo inayoamua unene wa kila tabaka.

Ila hakuna tabaka la kazi zote, na hapa wauzaji wanatukosea. Ule utando wa kijivu cha zambarau unaouzwa ghali zaidi, wenye titaniamu na alumini, ni hodari kwenye chuma kikavu cha moto: unapopata joto la nyuzi mia nane hivi unajitengenezea juu yake ngozi ya alumini oksaidi. Upeleke huohuo ukatoboe alumini laini, na alumini itaugandia kwa undugu wa kemia mpaka mifereji ijae. Almasi nayo, kitu kigumu kuliko vyote tunavyovijua madukani, haifai kukereza chuma kwa kasi, kwa sababu almasi ni kaboni na chuma cha moto kinainyonya kaboni. Anayenunua kwa kigezo cha ugumu tu atanunua almasi ya kukatia nondo.

Tutoke sasa kwenye nanomita twende shambani, ambako adui ni mmoja na anajulikana: mchanga. Chembe ya mchanga wa kawaida ina ugumu wa takriban 1100 kwa kipimo kilekile cha Vickers. Linganisha na jembe la plau, ambalo hata likiwa limetiwa ugumu haliendi mbali kupita 600. Mchanga ni mgumu kuliko chuma chochote ambacho mkulima anaweza kukinunua, na ndiyo maana ncha ya plau inayopita kwenye udongo wa kichanga inaisha mbele ya macho. Kinachoweza kuukabili mchanga ni kabaidi. Kabaidi ya kromu ina ugumu wa 1500 na zaidi, na inapatikana ndani ya rodi maalumu za kuchomelea ambazo fundi anaweza kuzitumia kwa mashine yake ileile ya kuchomelea mageti.

Viwanda vya sukari vinaijua kazi hii vizuri. Miwa haiji kiwandani peke yake. Msimu wa mvua inakuja na matope na mchanga wake, na vyote vinapita kwenye nyundo za kupasulia na kati ya rola za kukamulia. Nyundo huvikwa kabaidi ya kromu au tangsteni kwenye ncha. Rola, ambazo kwa kawaida ni za chuma cha kusubu, hurushiwa matone ya chuma kigumu kwenye meno yake, na kazi hiyo mara nyingi hufanywa rola ikiwa inazunguka, miwa inapita na maji ya miwa yanachuruzika. Matone yale yana kazi mbili: yanalinda meno yasiliwe, na yanayafanya yawe na mikwaruzo ya kuishika miwa isiteleze. Mchomeleaji anayefanya kazi hiyo kwa usahihi, amesimama kwenye mvuke na unyevunyevu, ni fundi wa daraja la juu, na ni aibu kwamba kazi yake haisemwi.

Kwenye karakana ndogo, kazi hiyohiyo huharibika kwa njia mbili ninazoziona mara kwa mara. Ya kwanza ni kurundika. Fundi anaona tabaka moja gumu ni zuri, anachomelea la pili, la tatu, la nne, la tano. Tabaka gumu likipita mawili au matatu linajivuta lenyewe linapopoa na kubanduka kama gamba. Chuma kikihitaji kujazwa, kijazwe kwanza kwa rodi za kawaida, kigumu kiwekwe mwisho. Na kama chuma cha msingi ni kigumu na chenye kaboni nyingi, kati ya hivyo viwili huwekwa tabaka la rodi za stenlesi. Stenlesi ni laini na inanyumbulika. Inameza mvutano ambao ungepasua yale mawili mengine yakigusana.

Ya pili ni hofu ya nyufa. Kabaidi ya kromu ikipoa hupasuka. Zinaonekana nyufa nyembamba zilizokata mstari wa uchomeleaji kwa upana, kila baada ya sentimita moja au mbili, na mteja akiziona anakataa kulipa. Nyufa hizo ni za kawaida kabisa kwa rodi hizi. Ni mvutano unaotoka. Ufa wa kuogopwa ni ule unaokwenda kwa urefu, sambamba na mstari, au unaoshuka na kuingia kwenye chuma cha msingi. Lile tabaka laini la kati linazuia hilo pia. Fundi akilijua hili anaweza kumweleza mteja bila kusitasita, na mteja aliyeelezwa analipa.

Kuna ujanja mwingine wa plau ambao napenda ujulikane zaidi. Ukiliweka tabaka gumu upande mmoja tu wa makali, upande laini unaliwa haraka na ule mgumu unaliwa polepole, na makali yanajinoa yenyewe udongo unavyopita. Ukivika pande zote mbili, unapata ncha inayodumu lakini butu, na trekta au ng'ombe ndio wanaolipa.

Tuje barabarani. Bodaboda yoyote iliyotembea miaka miwili mitatu, hasa Pwani, tazama mirija ya shokapu zake za mbele. Ile kromu inayong'aa imeanza vidoti vya kutu, na chini ya sili kuna mafuta yanayovuja. Kromu ngumu ina ugumu wa 850 hadi 1000, inateleza vizuri, na ilikuwa chaguo la dunia kwa karne karibu nzima. Kasoro yake ni ya kuzaliwa: inapowekwa kwa umeme ndani ya tindikali, inatoka ikiwa na nyufa ndogondogo zisizoonekana kwa macho. Maji ya chumvi yanapita humo, yanakifikia chuma, kutu inavimba na kuinua kromu. Kidoti kikishainuka kinakata mpira wa sili kila shokapu inapopanda na kushuka, mafuta yanatoka, na yakifika kwenye breki dereva na abiria wake wako hatarini. Dawa inajulikana tangu zamani: tabaka la nikeli chini ya kromu, lisilo na nyufa, la kuzuia maji. Anayetengeneza kwa bei ya chini analiruka tabaka hilo, kwa sababu dukani halionekani.

Na wanaoiweka kromu hiyo wanailipia kwa afya. Bafu la kromu lina kromu ya aina inayosababisha saratani ya mapafu, na mvuke wake umetoboa kuta za ndani za pua za wafanyakazi wengi tangu kazi hii ianze. Umoja wa Ulaya ulizuia matumizi yake bila kibali maalumu kuanzia Septemba 21, 2017. Kwenye miguu ya kutulia ya ndege, kromu imekuwa ikiondolewa na nafasi yake kuchukuliwa na unga wa tangsteni kabaidi na kobalti unaorushwa kwa gesi ya moto inayokwenda kwa kasi kupita ya sauti. Chembe zinagonga chuma, zinabandikana, zinajenga tabaka gumu kuliko kromu. Mashine hiyo ni ghali. Lakini kinga ya anayefanya kazi kwenye bafu la kromu leo, feni ya kunyonya mvuke, glavu ndefu, na maji machafu yasiyomwagwa mtaroni, haihitaji kusubiri mashine yoyote.

Nimeacha mwisho tabaka lililo karibu nasi kuliko yote: zinki ya mabomba na boliti zilizochovywa. Chuma kikitumbukizwa kwenye zinki iliyoyeyuka, nyuzi 450 hivi, zinki haikai juu tu kama rangi. Inaungana na chuma na kuzaa matabaka kadhaa, kila moja likiwa na kiasi chake cha chuma na zinki. La nje ni zinki karibu tupu, laini, ugumu wa 70. Chini yake lipo la takriban 180, kisha la takriban 240, yote mawili magumu kuliko chuma chenyewe kilicho chini, ambacho kina 160 hivi. Bomba likigongwa na jiwe, zinki laini ya nje inabonyea na kumeza kishindo. Ikikwaruzwa hadi ndani, inakutana na ugumu. Mabati ya paa yametengenezwa tofauti: kwenye zinki yake hutiwa alumini kidogo ili yale matabaka magumu yasikue, maana yangepasuka bati likikunjwa migongo.

Sasa fundi anapotengeneza geti kwa bomba la namna hii, mkono wake wa kuchomelea unayaondoa matabaka yote mahali pa kiungo. Zinki inachemka kwenye nyuzi 907, chuma kinahitaji kama 1500 kuyeyuka. Chuma kinapoungana, zinki imeshaondoka kwa moshi mweupe. Moshi huo ukivutwa unaleta homa jioni au usiku wake: baridi, kutetemeka, kiu, ladha ya chuma mdomoni. Mafundi wengi hunywa maziwa wakiamini yanazuia. Maziwa yanakwenda tumboni, moshi umekwenda mapafuni. Kinachosaidia ni kusaga zinki sentimita 3 hadi 5 kila upande wa kiungo kabla ya kuchomelea, kufanya kazi mahali penye upepo huku ukisimama upande unakotoka upepo, na kuvaa barakoa ya mafusho badala ya kitambaa. Kiungo kikipoa, kisuguliwe kwa brashi ya waya mpaka king'ae, kisha kipakwe mara mbili rangi yenye unga mwingi wa zinki, ile ambayo kopo lake linataja kiasi cha zinki kilichomo. Rangi ya fedha ya kawaida inafanana nayo kwa sura, lakini ndani yake kuna unga wa alumini, na kiungo kilichopakwa hiyo ndicho kinachotangulia kuota kutu kwenye geti zima.